Vitabu vya Muuguzi

Muuguzi alikuwa akifungiwa kitabu chake kwenye gazeti. Mimi nilipewa changu hivihivi mkononi, kama mtu aliyetumwa sabuni dukani.

Nalisema hili kwanza kwa sababu ndilo nililoliona kwanza, na kwa muda mrefu sikuona jingine. Maktaba yenyewe ilikuwa ndogo, chumba kimoja na kibaraza kilichozibwa kwa mbao, pale mjini Shinyanga, jirani na mafundi baiskeli. Niliingia mara ya kwanza kwa ajili ya mvua, nikabaki kwa ajili ya ramani ya dunia iliyokuwa ukutani. Nilikuwa nimetoka Maganzo, ambako nilichekecha mchanga nikitafuta almasi za mtu mwingine. Kabla ya hapo nilikuwa upande wa Bulyanhulu, mara ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, mara juu nikibeba abiria kwa pikipiki. Sijawahi kukaa mahali nikaona dengu zikivunwa mara mbili. Shule niliiacha kidato cha pili. Watu hudhani ni ada. Ukweli ni kwamba nilipanda lori la pamba nione linakwenda wapi, na lilikwenda mbali.

Kusoma sikuacha. Nilisoma magazeti yaliyofungia maandazi, nilisoma maelekezo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, nilisoma maandishi ya nyuma ya malori. Swali likinikaa kichwani, chakula hakipiti. Kwa hiyo mama mwenye nyumba niliyopanga aliponidhamini nikapata kadi ya maktaba, nilitembea nayo mfuko wa shati, upande wa nje, ionekane.

Wahudumu walikuwa wawili. Wa vitabu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, ambaye wote tulimwita Madam. Wa filamu alikuwa mzee mmoja aliyekaa kibarazani na runinga na kabati la sidii. Jumamosi mchana alituwekea filamu, siku nyingine aliazimisha. Mzee alikuwa na kipimo kimoja tu.

"Mwangaluka, ng'wanawane," aliniamkia Kisukuma, kama mwanawe. "Unataka kulia au hutaki?"

"Shikamoo mzee. Nataka kujifunza."

"Marahaba. Kujifunza ni ndani kwa Madam. Hapa kwangu ni kulia au kutolia. Hii utalia. Hii hulii. Hii utalala, lakini ukiamka utanishukuru."

Na hakukosea. Niliwahi kumwona dalali mmoja wa almasi, mtu wa mabavu, akirudisha sidii huku akiangalia pembeni. Mzee akaipokea, akamtafutia ya kutolia.

Madam alikuwa na utaratibu wake. Hukuenda kabatini kujichagulia cha kuondoka nacho. Cha kusomea pale mezani, chukua utakacho. Lakini cha kwenda nacho nyumbani alichagua yeye. Ulikaa kwenye benchi mbele yake, naye akauliza, "Cha mwisho kilikufanyia nini?" Ukajibu. Akanyanyuka, akapita mbele ya makabati mikono nyuma kama mwalimu wa zamu, akarudi na kimoja.

Muuguzi alifanya kazi hospitali ya Kolandoto na alikuja kila Alhamisi akitoka zamu, kwa baiskeli, suruali imebanwa kwa kibanio cha nguo ili isiingie kwenye mnyororo. Shati limepigwa pasi. Aliongea kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyezoea kuongea mbele ya aliyelala. Aliketi, wakazungumza, Madam akacheka mpaka akavua miwani. Halafu, na hapa ndipo nilipokuwa nikiinua kichwa, hakunyanyuka. Hakupita kabatini. Aliinama tu, akatoa chini ya meza kitabu kilichokwisha kuchaguliwa na kufungwa, akamkabidhi.

Alikuwa amekichagua Jumatatu, au Jumanne, mwenzake akiwa hayupo. Alikuwa akifagia, au anakunywa chai, akamkumbuka.

Hicho ndicho nilichokitaka. Sikumtaka Madam mwenyewe, kama mwenzangu wa duara alivyokuwa akinitania. Nilitaka mtu anifikirie nikiwa sipo. Nimekula kwenye nyumba nyingi, nyingine za watu wema sana, lakini sikumbuki nyumba niliyofika nikakuta sahani yangu imefunikwa. Na hapa palikuwa na mwanamume mwenye mshahara, mwenye mke, mwenye watoto wa kumpokea baiskeli, bado anafunikiwa hata kitabu.

Nilianza kuwepo Alhamisi. Nilikaa meza ya ukutani na kitabu chochote, masikio kwao. Nilimchukia kwa namna alivyokunja gazeti baada ya kulifungua na kulirudisha. Nilichukia kwamba alikuwa mwema. Aliwahi kuniuliza, "Ndugu yangu, hicho kidole kimefanyaje?" Nilikuwa nimebanwa na jiwe. Akanifunga vizuri kwa kitambaa chake, na hata hilo nililihesabu upande wake.

Sasa nieleze kosa langu, maana mtu ambaye hajakaa machimboni atashangaa.

Kule, mtu akikuonyesha pa kuchimba, huchimbi pale. Unamshukuru, unapiga majembe ya heshima, akigeuka unasogea pembeni. Kwa nini akuonyeshe penyewe? Anayejua mali ilipo hukaa juu yake. Akikwambia "chimba hapa", ana lake: anakuondoa karibu na palipo na kitu. Nimeona watu wakitajirika pembeni mwa shimo walilopewa, na nimeona waliotii wakitoka na vumbi. Tabia hiyo ilishaniingia mwilini. Sikujua hata kwamba ninayo.

Kwa hiyo Madam aliponipa kitabu cha kwanza, nilitazama pengo kilikotoka. Nilishukuru, nikakipeleka chumbani, nikakiweka chini ya godoro. Kesho yake nilirudi, nikachukua kilichokuwa kulia kwa lile pengo, nikakaa mezani nikakisoma. Nilifanya hivyo kwa kila kitabu alichonipa. Na kwa kuwa vitabu vyake vilipangwa kadiri vilivyoletwa na wafadhili, si kwa somo, majirani wa vile nilivyopewa walikuwa wa kila kabila. Nilisoma kuhusu minyoo ya mbuzi. Nilisoma historia ya chumvi. Nilisoma kitabu cha ukunga mpaka mwisho, na kingine cha sheria za mpira wa pete. Vyote nilivisoma kwa furaha ya mtu anayeiba. Niliamini hivi ndivyo alivyokuwa akinificha.

Nikirudisha kile cha chini ya godoro, aliniuliza:

"Kilikufanyia nini?"

"Kizuri, Madam."

"Kizuri wapi?"

"Pote."

Ananitazama. Anakwenda kabatini. Anarudi na kingine, chembamba kuliko cha jana. Baada ya hapo chembamba zaidi. Kikaja chenye picha. Kikaja chenye maandishi makubwa kama ya watoto wa chekechea, mbwa yuko kwenye jalada, na siku hiyo nilitoka nje nikasimama kwa mafundi baiskeli nikitazama magurudumu yao.

"Vipi, kaka, pancha?" fundi mmoja akaniuliza.

"Sina baiskeli."

"Basi hiyo pancha yako ni ya ndani."

Wiki hiyohiyo nikamsikia muuguzi akisema jambo ambalo lilinimaliza nguvu. Alirudisha kitabu kinene, akasema, taratibu kama kawaida yake, "Madam, hiki kimenishinda. Nimeishia katikati. Huyo baba anahubiri mno, nyumba nzima inamsikiliza yeye tu."

Nilingoja Madam akunje uso. Mtu amekuchagulia, amekufungia, unamwambia kimekushinda!

Madam akapiga meza kwa kiganja. "Nilijua! Nilijua utagombana na huyo baba! Mimi mwenyewe nilitaka kumtoa nje ya nyumba." Akacheka, miwani ikavuliwa. "Haya, ngoja. Kama umegombana naye, basi najua cha kukupa." Kesho yake, nikiwa mezani pangu, nilimwona akikifunga hicho cha Alhamisi inayofuata. Alichagua ukurasa wa gazeti wenye habari za mpira, kwa sababu muuguzi alipenda mpira.

Nikasema, basi. Nitasoma vyake.

Muuguzi akakipokea, na Alhamisi ya baada ya hiyo akakirudisha, na kabla kiti chake hakijapoa nikakaa mimi.

"Madam, nipe hicho alichorudisha."

"Hiki? Hiki nilimchagulia yeye."

"Na mimi najua kusoma."

"Sijasema hujui." Akakishika kidogo, akanisukumia. "Chukua."

Nilikisoma chote, safari hii penyewe, si pembeni. Ilikuwa hadithi ya mwanamume anayemhudumia baba yake aliyepooza: namna anavyomgeuza kitandani, namna anavyomnyoa, namna wasivyopendana na bado mmoja hawezi kulala kabla hajasikia mwenzake akikohoa. Hakikuwa na safari hata moja. Hakuna aliyetoka nje ya ule ua. Nilikuwa nimekwenda kutafuta hazina, nikakuta ni kama nimevaa shati la mtu mwingine likiwa bado na joto lake. Kilimkaa yeye. Kila ukurasa nilimwona na sauti yake ya chini, na kidole changu alivyokifunga. Mtu anaweza kumjua mwenzake kiasi hicho kwa kuongea naye mara moja kwa wiki? Hapo mwanzo nilimwonea wivu kwa kitabu bora. Sasa nikajua si kitabu bora. Ni kitabu chake.

Nilipokuwa nakirudisha, siku ya Jumanne, mwenzangu wa duara alinikuta njiani. Huyu tumechimba naye sehemu nyingi, tukalala kwenye turubai moja, na hajawahi kunificha kitu ambacho si mali.

"Mwana! Nakutafuta kama ng'ombe aliyepotea. Kuna rashi. Upande wa Bulyanhulu dhahabu imetoka, watu wanamiminika. Nimeshika nafasi kwenye duara, ya kwangu na yako. Kesho asubuhi tunapanda."

"Kesho?"

"Ulitaka mwaka kesho? Ukichelewa unakuta watu wamejaa kama siafu." Akakitazama kitabu mkononi mwangu. "Bado unaposa maktaba? Mahari umepeleka?"

Nikamwambia niko naye, kesho asubuhi. Nilimaanisha. Rashi ikitangazwa, miguu yangu huanza kabla yangu. Nikaingia maktaba kurudisha kitabu na kuaga, na kwa kuwa nilikuwa naondoka, nikaona nina haki ya kusema.

"Madam, nina swali. Kwa nini mimi huniwekei?"

"Sikuwekei nini?"

"Kitabu. Yule wa Kolandoto unamwekea. Unamfungia. Mimi nakuja kila siku."

Mzee akapunguza sauti ya runinga kibarazani. Sikumwona, ila nilisikia sauti ikipungua.

Madam hakukasirika. "Nikuwekee kipi? Mimi sikujui."

"Miezi yote hii?"

"Kila kitu kwako kizuri. Pote. Yule akisema kitu kimemuudhi, najua amesimama wapi. Wewe nakupa, unanirudishia neno lilelile." Akaegemea meza. "Yule mjane, kwenye kile chenye mbwa. Mwishoni ulimwonaje?"

"Alifanya vizuri," nikasema. "Alivumilia."

"Hakuna mjane kwenye kile kitabu."

Kutoka kibarazani mzee akasema, "Yesu wangu."

Ingekuwa siku nyingine ningeondoka. Nimeondoka sehemu nyingi kwa aibu ndogo kuliko hiyo. Lakini kesho yake nilikuwa nakwenda zangu, na aliyekwisha kuondoka moyoni haogopi sana. Nikamweleza. Nikamweleza machimbo, mtu anavyoonyeshwa na anavyosogea. Nikamwonyesha kwa kidole mapengo, kabati kwa kabati, nilichopewa kilikuwa hapa, nilichosoma kilikuwa hapa.

Mzee alikuwa ameshaingia ndani, amejishika kiuno. Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Ng'wanawane! Umelichimba kabati zima kwa pembeni! Mpaka mpira wa pete!"

"Najua sheria zote, mzee."

"Utanisaidia nini na sheria za mpira wa pete, mimi na magoti haya!"

Madam hakucheka. Alikuwa amevua miwani, lakini hakucheka. "Kipi kilikuudhi?" akaniuliza.

"Cha ukunga. Kinaeleza kila kitu isipokuwa mama mwenyewe anasikia nini."

"Kipi hukukimaliza?"

"Hakuna. Naogopa kuacha, labda mbele kuna kitu."

"Kipi kilikukosesha raha?"

"Cha chumvi. Kinasema watu walipigana kwa ajili ya chumvi, halafu kinarukia namna ya kuikausha. Nilitaka kujua nani alipigana na nani, na mshindi aliibeba kwenye nini. Nimeuliza mpaka wauza chumvi sokoni. Walinifukuza."

Nikaendelea. Sijui niliongea kiasi gani. Nilimwambia na kitabu cha muuguzi, kwamba ni kizuri na si changu, na kwamba kusema hivyo kunaniuma. Alisikiliza kiwiko mezani. Watu waliokuja nyuma yangu walikaa benchi wakasubiri, na yeye akawaacha wasubiri. Halafu akanyanyuka, mikono nyuma, akapita kabati la kwanza, la pili, akasimama, akarudi la kwanza. Alirudi mikono mitupu.

"Sijui," akasema.

"Hujui nini?"

"Sijui nikupe nini. Sina hakika. Njoo Alhamisi. Nitafikiri."

"Alhamisi sipo, Madam. Kesho nakwenda Bulyanhulu."

"Basi," akasema, na akavaa miwani. "Mimi nitafikiri tu."

Nilirudi chumbani nikafunga mfuko wangu. Mfuko wangu haujawahi kuwa na vitu vingi. Nikaufungua tena nikatoa michembe ya viazi vikavu, nikakaa mlangoni nikitafuna. Mwanamke yule sasa hivi anafunga maktaba, nikawaza, na anatembea kwenda kwake, na kichwani mwake nimo. Anapika ugali, nimo. Kesho atakuwa anafikiri na mimi niko juu ya pikipiki nakula vumbi, na keshokutwa atakuwa na jibu na hakuna wa kulipokea. Nilishindwa kulivumilia jambo hilo. Ilikuwa kana kwamba mtu amenifunikia sahani na mimi mwenyewe nataka kupita mlango bila kuingia.

Asubuhi mwenzangu alinikuta nimekaa palepale.

"Panda."

"Nitakuja Ijumaa."

"Ijumaa duara litakuwa la wenyewe. Nafasi yako nimpe nani? Na watu wakiuliza, niwadanganye kwamba wewe ni mzima?"

"Mpe yeyote."

"Kwa ajili ya kitabu?"

"Bado hajakijua."

Akanitazama kama mtu anayetazama jeraha. "Mwana, angekuwa demu ningekuelewa," akasema, akawasha pikipiki. Nafasi akaitoa njiani, kwa mtu wa Kahama. Baadaye nilisikia lile duara liliwalipa vizuri. Sitasema haliniumi.

Alhamisi muuguzi alikuwa wa kwanza benchi. Akapokea chake kama kawaida, lakini Madam hakuongea naye sana. Alikuwa akinitazama mimi kule mlangoni. "Wewe ulisema hupo," akasema.

"Nipo."

"Kaa hapo." Akamgeukia muuguzi. "Leo nisamehe, baba. Huyu amenisumbua. Juzi sikuwa na la kumwambia, jana nimepeleka vitabu nyumbani, nimesoma mpaka mboga imeungua, nikaona sivyo, nikarudisha."

Muuguzi alikuwa ameshasimama. "Hukuwa na la kumwambia?"

"Nilimwambia sijui."

Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza nikamwona usoni kitu ambacho si upole. Kilipita upesi, lakini sura ile naijua, nimekaa nayo meza ya ukutani Alhamisi nyingi. "Mimi hajawahi kuniambia hajui," akasema.

Madam akaniwekea kitabu mbele. Kilikuwa cha mtu aliyezunguka nchi kame akichimba visima, kijiji kwa kijiji, akiandika alikopata maji na alikokosa na alivyofukuzwa. "Si hakika," Madam akasema. "Kikikuudhi, nataka kujua ukurasa."

Nilikaa nacho kwenye ngazi za nje. Ukurasa wa pili tu nilishaanza kugombana na yule mtu. Anasema mwamba mweusi ukitoa jasho maji yako karibu. Mimi nimelala chini ya mwamba wa namna hiyo, sikuona hata tone la kunawa. Nikasema kwa sauti, "Muongo wewe," na nilikuwa nimekwisha kuanza kupanga nitakavyomweleza Madam, na kwamba mtu kama huyu anayedanganya vizuri namna hii ni lazima nimfuate mpaka mwisho.

Muuguzi alikuwa akifungua baiskeli yake. Alibana suruali, akabaki ameinama muda kuliko kibanio kinavyohitaji, halafu akasogea na baiskeli mpaka kwenye ngazi.

"Kinahusu nini?"

"Visima."

"Ahaa." Akakisoma jalada kichwa upande. Kitabu chake kilikuwa kwenye kapu la baiskeli, kimefungwa, hajakigusa. "Naweza kukitazama kidogo?"

Nilikifunga, kidole changu kikiwa bado ndani kwenye ukurasa.

"Nikimaliza," nikamwambia.

"Utamaliza lini?"

"Mimi huwa nasoma polepole, daktari," nikasema, ingawa nilijua si daktari na si kweli kwamba nasoma polepole, nikafungua tena na kuinamia ukurasa mpaka niliposikia baiskeli ikiondoka.